Kutunza Hendeli, Gia na Waya za Mashine ya Boti Yako ya Vizimba



Leo naweka pembeni kidogo habari za chakula na idadi ya vifaranga kwa kizimba. Maswali mengi ninayopata siku hizi kutoka kwa wafugaji wa sato huku ziwani sio ya samaki, ni ya boti. Na inaeleweka. Tangu mwaka 2024 Serikali ilipogawa boti na vizimba kwa mkopo hapa Mwanza, wapo watu wengi waliojikuta na mashine ya boti mkononi bila kuwahi kuishika hata siku moja. Wamefundishwa kuwasha, kuchanganya oili na petroli, basi. Namna ya kutunza vile vitu vinavyoifanya boti ikusikilize, hapo kila mtu anajiongoza mwenyewe.

Kwa hiyo somo la leo haligusi plagi wala kabureta kwa undani. Ni somo la uongozaji: hendeli, akseleta, gia, na ile kamba nyekundu ya kuzimia ambayo wengi mmeitundika msumarini nyumbani. Mashine isipowaka, utabaki nchi kavu ukinuna na samaki watachelewa kula. Mashine inayowaka vizuri lakini inakataa kukata kona ni jambo jingine kabisa, maana hiyo itakupeleka ndani ya nyavu za kizimba, au kwa mtu aliyeko majini.

Boti inakata kona kwa nguvu gani?

Tuanze hapa kwa sababu watu wengi hawajawahi kuambiwa. Mashine zetu nyingi, zile za nguvu farasi 15 mpaka 40 zenye hendeli ya mkono, hazina usukani wa ubao nyuma kama mitumbwi ya tanga. Ukisukuma hendeli kushoto, mashine nzima inageuka, propela inasukuma maji upande mwingine, na boti inaelekea kulia. Kinachogeuza boti ni yale maji yanayosukumwa na propela. Ule mguu wa mashine ulioko majini husaidia, lakini kidogo.

Sasa fikiria unakaribia kizimba kwa kasi, unaogopa, unafunga akseleta ghafla. Propela imeacha kusukuma maji. Umejinyima usukani wakati ule ule unaouhitaji. Zile pikipiki za majini mnazoziona kwenye video za mahotelini ndivyo zilivyo, tena zenyewe zaidi, maana zinageuzwa na maji yanayorushwa nyuma. Dereva akiachia mafuta, chombo kinakwenda moja kwa moja hata akizungusha mikono vipi. Punguza mwendo mapema, ukiwa bado mbali, kisha ingia kizimbani kwa gia ya mbele na mafuta kidogo. Boti haina breki. Breki yako ni rivasi, na rivasi tutaifikia.

Hendeli ngumu

Hili ndilo tatizo namba moja ninaloliona mwaloni. Hendeli inakuwa ngumu kidogo kidogo, mwenyewe hagundui kwa sababu mkono wake unazoea. Siku anampa kijana mwingine boti, kijana anashindwa kukata kona.

Mashine inazunguka kwenye mhimili wa wima, yaani chuma kirefu kilichopita ndani ya bomba la kile kishikizo kinachoing'ang'ania boti. Kati ya chuma na bomba kuna bushi na grisi. Grisi ikikaa muda mrefu bila kuongezwa, inakauka na kuwa kama gundi, maji yanaingia, kutu na chumvichumvi ya bati zinajaza nafasi. Watu wanasema ziwa letu ni maji baridi, hayali chuma kama bahari. Ni kweli hayali kwa kasi ile, lakini grisi iliyokauka haijali maji ni ya aina gani.

Tafuta chuchu za grisi. Mashine nyingi zina moja au zaidi mbele ya kile kishikizo cha wima, na nyingine kwenye bomba la mlalo ambalo mashine inalala unapoinyanyua. Zifute vizuri kwanza na kitambaa, maana mchanga ulioko juu ya chuchu ndio utakaouingiza ndani. Chukua pampu ya grisi, piga taratibu huku msaidizi wako akisogeza hendeli kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Usiache mpaka uone grisi mpya inatokeza juu na chini na ile ya zamani nyeusi imetoka. Hii ya kusogeza hendeli wakati unapiga grisi wengi hawafanyi, na ndiyo inayosambaza grisi mzunguko mzima wa bushi. Tumia grisi ya vyombo vya majini, ile isiyoondoka na maji. Grisi ya kawaida ya gari ikichanganyika na maji inalainika kama uji, na ndani ya wiki chache umerudi pale pale. Kopo moja la grisi ni bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa chakula cha samaki, na linakaa muda mrefu.

Mara ngapi? Vitabu vingi vinavyokuja na mashine hizi vinasema kila saa 100 za kazi au kila miezi 6, kinachotangulia. Wafugaji wengi wanaikumbuka miezi 6 na kuzisahau zile saa 100. Hebu piga hesabu yako. Unalisha mara tatu kwa siku, kwenda na kurudi dakika 40 kila safari. Hizo ni saa 2 kwa siku. Saa 100 zinakwisha ndani ya siku 50. Kwa kazi yetu mimi nasema grisi kila mwezi, na chagua tarehe moja ambayo hutaisahau, mfano siku ile unayopima uzito wa sampuli ya samaki.

Kama hendeli imeshagandamana kabisa, tafadhali usichomeke bomba la chuma kwenye hendeli ili upate nguvu ya kuisukuma. Nimeona hendeli iliyovunjika shingoni kwa mchezo huo, na kuipata nyingine ilichukua wiki tatu, huku mwenye boti akikodi mtumbwi wa makasia kulishia. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye maungio ya juu na ya chini, acha usiku kucha, kesho yake piga grisi huku ukiitikisa kidogo kidogo, sentimita kwa sentimita. Chuchu ikikataa kupitisha grisi, huenda yenyewe ndiyo iliyoziba. Ifungue kwa spana, safisha au weka mpya. Ikishindikana baada ya siku mbili tatu, peleka kwa fundi ashushe mashine na kuchomoa ule mhimili. Usipige nyundo. Kishikizo ni cha bati gumu, kinapasuka.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujaanza kazi yote hiyo. Mashine nyingi zina skrubu au kiwiko kidogo cha kukazia hendeli, kimewekwa ili isiyumbeyumbe. Inawezekana kimekazwa mpaka mwisho na mtu aliyechoka kushika hendeli safari ndefu. Kilegeze kwanza. Kinatakiwa kukaza kiasi kwamba hendeli ina uzito kidogo mkononi, lakini unaweza kuisukuma mwisho hadi mwisho kwa mkono mmoja bila kujikakamua. Na sehemu hiyo ya msuguano usiipake grisi, itakosa kushika.

Hendeli inayocheza

Hii ni kinyume chake. Unasogeza hendeli kidogo, mashine haiitiki, halafu ghafla inaitika. Au unahisi mtetemo mkubwa mkononi.

Boti ikiwa ufukweni na mashine imezimwa, shika mguu wa mashine chini karibu na propela, uusukume kulia na kushoto, mbele na nyuma. Mwenzako aangalie juu. Kama chuma kinatembea ndani ya bomba la kishikizo, bushi zimekwisha. Kama kishikizo kimetulia lakini mashine yenyewe inayumba juu yake, basi ni zile raba kubwa za kuzuia mtetemo ndizo zimechoka. Hayo ni matengenezo mawili tofauti, usikubali fundi akubadilishie vyote bila kukuonyesha.

Kaza pia bolti za hendeli yenyewe, na zile skrubu mbili kubwa za kuibana mashine kwenye ubao wa nyuma wa boti. Hizi hulegea zenyewe kwa mtetemo. Ziangalie kila asubuhi, ni kazi ya sekunde kumi. Na mashine iwe na kamba imara au mnyororo uliofungwa kwenye boti. Mashine ikiruka majini bila kamba, imekwenda. Pale kwenye vizimba kina ni kirefu na chini ni tope.

Mtetemo ukiendelea baada ya hapo, angalia propela. Jino moja likipinda, hendeli nzima inatetemeka. Itoe, angalia kama kuna uzi wa nyavu umejizungusha nyuma yake. Huo uzi unakula sili, maji yanaingia kwenye oili ya gia, na oili inakuwa nyeupe kama maziwa. Ukirudisha propela weka ile pini ya kupinda ya kuzuia nati, ya chuma kisichoshika kutu. Msumari wa nchi mbili sio pini, ingawa naona mnaupenda sana.

Boti inavuta upande mmoja

Kabla ya kugusa spana, angalia mizigo. Mifuko mitano ya chakula upande mmoja na dereva upande huo huo, boti lazima ivute. Panga mifuko katikati, jaribu tena.

Kama bado inavuta, tazama juu ya propela, chini ya ile sahani ya bapa. Kwenye mashine nyingi kuna kipande kidogo kama pezi la samaki, kimefungwa kwa bolti moja. Kazi yake ni kusawazisha mvuto wa propela. Boti ikivuta kushoto, legeza bolti na sogeza ncha ya nyuma ya pezi kuelekea kushoto. Ikivuta kulia, ncha ya nyuma iende kulia. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu kichwani inaonekana kinyume ndiyo sahihi. Weka alama ya penseli pale lilipokuwa, sogeza kidogo tu, kaza, nenda kajaribu.

Pezi hilo mara nyingi ndilo pia lile bati la kujitoa kafara, linaloliwa na kutu badala ya mguu wa mashine. Usilipake rangi. Nimeona mashine zimepakwa rangi mpya nzuri mpaka kwenye pezi, na hapo kinga yote imekwisha.

Akseleta

Akseleta ya pikipiki ukiiachia inarudi yenyewe. Ya mashine ya boti nyingi hairudi, inabaki pale ulipoiacha. Likumbuke hili, kwa sababu ukianguka, mashine haitapunguza mwendo kwa huruma.

Fungua kifuniko, mashine ikiwa imezimwa. Mwenzako azungushe mkono wa akseleta polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Wewe tazama kule waya unakoishia, kwenye kile kiwiko kinachofungua kabureta. Akseleta ikifungwa kabisa, kiwiko kiguse kizuizi chake cha mwanzo. Ikifunguliwa yote, kiguse kizuizi cha mwisho. Kisipofika mwisho, boti inapungua kasi na utaambiwa injini imechoka, kumbe ni waya umelegea, kazi ya spana mbili na dakika tano. Kisiporudi mwanzo, mashine inanguruma hata ikiwa nyutro, na gia zitakuwa zinasaga kila unapoingiza. Kwa hiyo malalamiko ya gia nayaanzia hapa, kwenye waya wa akseleta.

Angalia ncha za waya. Nyuzi zikianza kukatika na kuchomoza kama ndevu, badilisha waya mzima. Usiufunge fundo. Dondoshea oili nyepesi ndani ya ganda lake, grisi nzito itaganda na kuuongezea ugumu. Vifundo vidogo vya plastiki vinavyounganisha vyuma vya akseleta navyo huchakaa na kuchomoka. Kimoja kikichomoka ukiwa katikati ya ziwa, utabaki na mwendo mmoja tu. Usivifunge kwa waya wa kujengea, ni vya bei ndogo dukani.

Chini ya hendeli kuna skrubu ya kukazia akseleta ili mkono usichoke. Isikazwe mpaka ushindwe kupunguza mafuta haraka.

Gia na rivasi

Ingiza gia mashine ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa, na ingiza kwa mkono mmoja thabiti, haraka. Wapo wanaoingiza polepole wakidhani wanaionea huruma. Yale meno ya ndani yakigusana polepole yanasagana, ndiyo ule mlio wa krrr, na kila mlio huo unalamba ncha za meno mpaka siku gia itakapoanza kuruka yenyewe. Kutoka mbele kwenda rivasi, pita nyutro na usubiri boti ipoe kwanza.

Jaribio la nchi kavu: mashine imezimwa na klipu ya kuzimia imechomolewa. Nyutro, propela izunguke huru pande zote mbili. Ukiweka mbele na rivasi, ishike, huku ukiizungusha kidogo kwa mkono ili meno yakutane. Kama fundi ameshusha mguu kubadilisha impela, fanya jaribio hili mbele yake kabla hujamlipa, kwa sababu fimbo ya gia isiporudishwa kwa kipimo chake, nyutro yako itakuwa inasukuma boti.

Kisha, bado klipu ikiwa imechomolewa, weka gia ya mbele na vuta kamba ya kuwashia taratibu. Kwenye mashine nyingi inatakiwa ikatae. Ni kinga ya kuzuia boti isiruke unapowasha. Ikivutika kawaida, kinga imekufa au kuna mtu ameikata, irekebishwe.

Halafu ile rivasi. Ukiweka rivasi, kuna ndoano zinazoshika mashine chini isinyanyuke. Zikichakaa au kamba yake ya chuma ikilegea, unarudi nyuma na mashine inainuka, propela inatoka majini, na breki huna. Jaribu ufukweni: weka rivasi, vuta mashine juu kwa mkono. Isikubali kuinuka.

Kamba ya kuzimia

Hapa naomba tusikilizane. Ukiachia hendeli boti ikiwa kwenye mwendo, mzunguko wa propela unaisukuma mashine igeuke upande mmoja. Boti huanza kuzunguka duara, tena duara la kukaza. Akseleta, kama nilivyosema, hairudi. Mtu aliyeanguka yuko ndani ya duara hilo, na boti inamrudia. Ukiwa peke yako alfajiri na mifuko ya chakula, wimbi moja la pembeni linatosha.

Ile kamba yenye klipu nyekundu inazima mashine papo hapo ukivutwa mbali nayo. Ifunge mkononi au mguuni, au kwenye jaketi okozi lako, isiwe kwenye shati linaloweza kuchanika. Naona boti nyingi klipu imeachwa imechomekwa moja kwa moja, kamba imekatwa, "inasumbua" wanasema. Inasumbua kweli ukiwa unahamahama kulisha. Basi ukifika kizimbani zima mashine, uivue, ufanye kazi yako.

Kila asubuhi kabla hujaondoka: washa, nyutro, chomoa klipu. Mashine ife saa hiyo hiyo. Isipokufa, siku hiyo usiende mpaka swichi itengenezwe. Nunua klipu ya akiba, ibaki ndani ya boti, ili aliyebaki ndani aweze kuwasha na kumfuata aliyeanguka.

Kwa wenye boti za usukani wa mviringo

Ninyi ni wachache, lakini mpo. Usukani wenu unasukuma waya mnene ndani ya ganda, na mwisho wake ni fimbo inayoingia na kutoka kwenye bomba la kishikizo cha mashine. Safisha fimbo hiyo na kuipaka grisi nyepesi, lakini pampu ya grisi mtumie fimbo ikiwa imerudi ndani yote. Mkipiga ikiwa nje, grisi inajaa nyuma yake na kuifunga, usukani haugeuki. Ukiwa mgumu, chomoa kiungo kati ya fimbo na mashine ujue nani mgonjwa: mashine ikigeuka kirahisi kwa mkono, waya ndio umekufa, na waya huo hautengenezwi, unabadilishwa.

Panya

Hili halimo kwenye vitabu vya mashine. Wengi mnalaza mashine stoo moja na chakula cha samaki. Vumbi la chakula linanata kwenye grisi na waya, panya wanafuata harufu, wanatafuna ganda la waya wa akseleta na mpira wa petroli. Laza mashine chumba kingine, wima, na uifute kabla hujaifunika.

Mwisho, kuhusu vipuri. Kwenye kishikizo cha nyuma, mara nyingi upande wa kushoto, kuna kibati chenye jina la modeli na namba ya mashine. Ipige picha kwa simu leo, kabla haijafutika. Waya za mashine mbili zinazofanana kwa macho hutofautiana urefu, na muuza duka akikuuliza "ya modeli gani?" ukimjibu "ile ya bluu", utarudi Mwanza mjini mara mbili. Nenda na namba, na kama inawezekana nenda na waya wa zamani mkononi.